Kuokoa Nyumba Zilizotelekezwa Mijini: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Majiji ya Uganda

Katika mitaa ya zamani ya Jinja ipo aina ya nyumba ambayo mkazi yeyote wa mji huo ataitambua nikiieleza: maduka chini, vyumba vya kulala juu, baraza ya mbele iliyobebwa na nguzo, na kwenye paji la jengo umechongwa mwaka wa ujenzi pamoja na jina la ukoo wa Kihindi. Duka moja linauza mitumba, la pili limefungwa kwa kufuli lililoota kutu, na ukianza kupanda ngazi harufu ya popo inakupokea. Ukutani mtu ameandika kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, na hatua mbili kutoka hapo ipo alama ya X iliyowekwa na wakaguzi wa majengo. Maandishi hayo mawili yanaihusu mali moja, lakini walioyaandika hawajawahi kuketi pamoja.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kuwaketisha: madiwani, wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji), maafisa wa mipango miji, viongozi wa vikundi vya akiba, maafisa wa mikopo wa benki, na wakazi waliochoka kuishi ubavuni mwa gofu. Nimekuwa katibu wa kamati ya mtaa kwa miaka kadhaa, na nililojifunza ni kwamba nyumba iliyotelekezwa mjini ni nadra kukosa mwenyewe. Mara nyingi ina wenyewe wengi mno. Benki inayo hati, mahakama inayo amri ya zuio, jiji linadai kodi ya majengo, familia inayo barua ya kikao cha ukoo, na mpangaji anazo risiti za kodi aliyomlipa mtu asiyemjua vizuri. Hakuna kati yao anayeweza kuifungua nyumba hiyo peke yake, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake. Ndiyo maana kazi hii haianzi na fundi wala tingatinga. Inaanza na kuwakusanya wenye karatasi.

Hatua ya kwanza: Jueni gofu lenu ni la aina gani

Kosa linalofanywa na kamati nyingi ni kuziita nyumba zote mbovu kwa jina moja na kuziandalia dawa moja. Paa lililoporomoka linafanana popote, lakini sababu ya kuporomoka kwake inatofautiana, na sababu hiyo ndiyo inayoamua ni nani mtakayemwandikia barua.

Aina ya kwanza ni nyumba iliyowekwa rehani. Mfanyabiashara alikopa kwa kuweka nyumba ya familia dhamana, biashara ikayumba, benki ikatuma ilani, mkopaji akakimbilia mahakamani, na nyumba ikabaki tupu huku kesi ikiahirishwa. Benki haiitengenezi kwa sababu bado si yake, na mkopaji haitengenezi kwa sababu anaona inamponyoka. Hata baada ya mnada, mnunuzi anaweza kuchelewa kuingia kwa sababu jamaa wa mkopaji wamo ndani, au kwa sababu kesi mpya imefunguliwa.

Aina ya pili ni nyumba ya marehemu. Mzee alifariki bila wosia, watoto wengine wako Kampala, wengine nje ya nchi, wengine wa mama tofauti, na hakuna aliyeomba mahakamani barua za usimamizi wa mirathi. Aina hii ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi zaidi kuliko zote, na ndiyo inayopona kwa gharama ndogo zaidi ikishughulikiwa kwa upole.

Aina ya tatu ni ya historia yetu wenyewe. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90, na mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali iliyoundwa kuzilinda. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982 ikafungua mlango wa wenyewe kurudishiwa, na wengi walirudishiwa hasa katika miaka ya 1990. Hata hivyo zipo nyumba ambazo mpaka leo zina watu wawili wenye karatasi mbili tofauti, mmoja akitaja kurudishiwa na mwingine akitaja kununua au kugawiwa, na mwaka 2019 kamati ya Bunge ililazimika kuzichunguza mali hizo. Nyumba ya namna hii isiguswe kwa haraka hata kama inaonekana haina mtu.

Aina ya nne inapatikana hasa Buganda, ambako mfumo wa mailo uliotokana na Mkataba wa 1900 unaruhusu mtu mmoja awe na hati ya ardhi na mwingine awe na kibanja na nyumba juu ya ardhi hiyohiyo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa kwenye ardhi hiyo kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, na marekebisho ya 2010 yanasema mtu wa namna hiyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka. Wenye hati na wenye kibanja wakigombana, hakuna anayethubutu kuweka bati jipya.

Zipo pia nyumba za umma zilizochakaa na viwanja vya umma vilivyobomolewa vikasahauliwa. Wakazi wa Naguru na Nakawa waliondolewa mwaka 2011 ili kupisha ujenzi mpya, na ardhi ile ikakaa miaka mingi bila nyumba walizoahidiwa. Nataja mfano huo kwa sababu unaonya: kuondoa watu ni kazi ya siku chache, na kujenga kunahitaji fedha na makubaliano ambayo huenda hayapo.

Hatua ya pili: Tengenezeni meza kabla ya kutafuta fedha

Uganda haianzi sifuri katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010, chini ya mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, miji mitano ya Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara iliunda Mabaraza ya Maendeleo ya Manispaa, ambamo viongozi wa mji, wakazi wa mitaa duni, wafanyabiashara na mashirika waliketi katika ukumbi mmoja kupanga vipaumbele. Baadhi ya miji hiyo imepewa hadhi ya jiji tangu Julai 2020. Pale ambapo baraza la namna hiyo bado lina uhai, kamati yenu iwe tawi lake badala ya kuanzisha chombo kingine kitakachogombania mamlaka nalo. Pale ambapo limelala, liamsheni kwa barua kwa karani wa jiji na kwa spika wa baraza la madiwani. Kampala, ambayo inaongozwa kwa Sheria ya Jiji Kuu ya 2010, anzieni katika ofisi ya divisheni, kwa maana divisheni tano za jiji hilo ndizo zilizo karibu na mitaa.

Wajumbe wasizidi kumi na watano. Awepo afisa wa mipango miji, afisa wa afya, mkaguzi wa majengo, mwanasheria wa jiji, mwenyekiti wa LC1 wa kila kijiji kinachohusika, wawakilishi wawili wa wapangaji, mmoja wa wenye nyumba, mmoja wa benki zenye matawi mjini, na mtu wa shirika la maji. Polisi wa jamii waalikwe pale wanapohitajika. Polisi wakiwa wajumbe wa kudumu, wakaaji wa magofu hawatakuja kusema. Kuhusu benki, msimwite meneja wa tawi peke yake, kwa sababu uamuzi kuhusu deni lililoshindikana huwa makao makuu. Mwombeni meneja awatajie idara inayoshughulikia urejeshaji wa mikopo, kisha mwandikieni mkuu wa idara hiyo moja kwa moja.

Kubalianeni mapema kuhusu posho. Nimeshuhudia kamati nzuri ikifa katika mwezi wa tatu kwa sababu wajumbe wa ofisini walitarajia posho ya kikao na wajumbe wa mtaani hawakupewa hata nauli. Ni bora kila mjumbe apate nauli iliyo sawa, mkutano ufanyike saa kumi alasiri katika darasa la shule ya jirani, na umalizike kabla jua halijazama. Makubaliano hayo yaandikwe katika hati fupi ya ushirikiano inayosema kila ofisi itatoa taarifa gani, kwa nani, na katika siku ngapi. Hati hiyo ya kurasa mbili ndiyo mtakayoitoa mezani siku afisa mpya atakapohamishiwa kwenu na kusema hajui lolote.

Hatua ya tatu: Zihesabuni nyumba kwa miguu

Chagueni wadi moja tu. Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Mitaa Duni, lililoanza mwaka 2002, limekuwa likiwahesabu watu na nyumba kwa kuwatumia wakazi wenyewe, na wanachama wake wanajua kugonga mlango bila kumtisha mtu. Waombeni wawafundishe vijana wenu kabla ya kuanza.

Nyumba tupu ina dalili zake: nyasi zilizopita kiuno, mita ya maji iliyokatwa, nyaya za umeme zilizong'olewa, na kisanduku cha barua kilichojaa majani. Mtu wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka anaweza kuwapa orodha ya viwanja ambavyo mita zake hazijasoma chochote kwa mwaka mzima bila kuwapa jina la mteja yeyote, na orodha hiyo itawapunguzia nusu ya kutembea. Kila nyumba itembeleeni mara mbili, mchana na saa mbili usiku, kwa sababu gofu la mchana huweza kuwa chumba cha kulala cha usiku. Mtawakuta vijana wa bodaboda, mama anayepika chapati barabarani, pengine familia nzima iliyofukuzwa kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya safu, kwa kushindwa kodi. Wasalimuni, waandikeni kama wakaaji, na waulizeni ni nani aliyewaruhusu kuingia. Mara nyingi jibu lao ndilo uzi wa kwanza wa kumfikia mwenye nyumba.

Namba ya utambulisho iandikeni kwa chaki au kwa kibandiko cha karatasi, kamwe msitumie rangi. Katika wadi yetu kijana mmoja alitumia rangi nyekundu kwa nia njema, na kabla ya magharibi uvumi ulikuwa umeenea kwamba jiji linabomoa. Wanawake walianza kutoa magodoro nje, na ilituchukua majuma mawili kurudisha imani yao. Alama ya X imewaumiza watu wengi katika miji yetu, na kila doa jekundu ukutani linawakumbusha hilo.

Hatua ya nne: Fungueni faili moja kwa kila nyumba

Mkishapata namba ya bloku na ploti, nendeni katika ofisi ya ardhi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, mlipie upekuzi wa hati. Msisome jina la mmiliki tu na kuondoka. Someni sehemu ya mizigo iliyoandikwa juu ya hati, kwa maana humo ndimo mtakamoona rehani ya benki na tarehe yake, zuio lililowekwa na mke au mrithi, na amri ya mahakama. Ikiwa ardhi ni ya lizi, tazameni ilianza lini na ni ya miaka mingapi. Lizi iliyokwisha inabadilisha kila kitu, kwa sababu ardhi inarudi kwa aliyeikodisha, ambaye mijini mara nyingi ni bodi ya ardhi ya wilaya, naye ana haki ya kuuliza kwa nini masharti ya ujenzi hayakutimizwa.

Kutoka hapo faili linakwenda kwa mthamini wa jiji, ili kuona kama nyumba imo katika orodha ya kodi ya majengo na deni lake ni kiasi gani. Sheria ya kodi hiyo ya 2005, pamoja na marekebisho yake, inamsamehe mwenye nyumba anayeishi mwenyewe katika nyumba yake ya makazi. Kwa hiyo ni vema kuuliza ikiwa nyumba iliyoandikwa kuwa inakaliwa na mwenyewe kweli ina mtu ndani. Kisha nendeni masjala ya mahakama, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, na kwa nyumba za Waasia, bodi inayozisimamia.

Ukurasa wa juu wa faili uwe na mistari mitatu tu: ni nani mwenye neno la mwisho kwa sasa, ni jambo gani linalomzuia, na ni nani katika kamati aliyepewa jukumu la kumfuata. Madeni ya watu yasisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Mtu aliyeaibishwa hadharani hatakuja tena mezani, na pasipo yeye faili halisogei.

Hatua ya tano: Kwa nyumba za rehani, wahini kalenda ya sheria

Hapa ndipo kamati inaweza kuokoa nyumba kabla haijawa gofu, na ndipo ninapowasihi mtumie nguvu zenu nyingi zaidi. Sheria ya Rehani ya 2009 inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji aliyeshindwa ilani ya kurekebisha deni ndani ya siku 45 za kazi. Zikipita bila malipo, kabla ya kuuza lazima itolewe ilani nyingine ya siku 21 za kazi. Ukizihesabu siku hizo pamoja na mwishoni mwa juma na sikukuu, mnapata zaidi ya miezi mitatu. Ni muda wa kutosha kwa mazungumzo, lakini wakopaji wengi huutumia kuficha barua chini ya godoro kwa aibu, na familia hugundua siku dalali anapofika na wateja.

Wenyeviti wa LC1 watangaze msikitini, kanisani na kwenye mikutano ya kijiji kwamba aliyepokea ilani ya benki anaweza kuja kwa katibu wa kamati kwa siri. Atakapokuja, msimuulize kwanza fedha zilikwenda wapi. Someni tarehe ya ilani, hesabuni siku zilizobaki, na andamaneni naye benki akiwa na maandishi ya kile anachoweza kulipa kila mwezi. Angalieni pia kama nyumba hiyo ni makazi ya ndoa, kwa maana rehani juu ya makazi ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi, na mke asiyewahi kuulizwa ana hoja ya kisheria ambayo wakili anapaswa kuiona mapema. Asisubiri mpaka nyundo ya mnada igonge.

Jambo ambalo wakopaji wengi hawalijui, na hata baadhi ya maafisa hulisahau, ni kwamba kuuza si njia pekee ya benki. Sheria hiyohiyo inamruhusu mkopeshaji kumteua mpokezi wa kuisimamia mali, au kuipangisha, ili mapato yapunguze deni. Nyumba ya vyumba kumi na viwili iliyojaa wapangaji inaweza kulipa deni lake taratibu ikiwa kodi inaingia benki moja kwa moja. Kamati inaweza kuileta hoja hiyo mezani na kusaidia kupata wapangaji, jambo ambalo benki peke yake haina muda nalo.

Kesi zikifika mahakamani, kumbukeni mambo mawili. Kanuni za rehani za 2012 zinaruhusu mahakama kuahirisha mnada kwa sharti la kuweka asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya lazima au ya deni lililobaki, na kwa hiyo mkopaji anayedhani kesi pekee itasimamisha mnada bila shilingi atashtuka. Pia, kanuni za usuluhishi za 2013 zinataka mashauri ya madai yapitie kwanza kwa msuluhishi. Mji wa Philadelphia nchini Marekani, mwaka 2008 wakati nyumba nyingi zikichukuliwa na benki, uliweka utaratibu wa mahakama wa kumkutanisha mwenye nyumba na mkopeshaji uso kwa uso kabla nyumba haijauzwa. Sisi tunayo kanuni inayofanana na hiyo. Tatizo letu ni kwamba mkopaji huingia katika chumba cha usuluhishi bila karatasi wala mpango. Mwandaeni siku saba kabla. Ajue deni la msingi ni kiasi gani, riba ni kiasi gani, na ni nyumba au kipande gani anachoweza kukiuza mwenyewe kwa bei nzuri kuliko ile ya mnada.

Nyumba ikishauzwa, mtu wa kumfuata ni mnunuzi. Mpelekeeni barua ya kumkaribisha mtaani na tarehe ambayo jiji linatarajia kuona nyumba imefungwa vizuri na kusafishwa.

Hatua ya sita: Kwa nyumba za marehemu, itisheni kikao cha familia

Msianze na wakili. Anzeni na mzee wa ukoo au shangazi anayeheshimiwa na pande zote, mumwombe aitishe kikao, na kamati ihudhurie kama mgeni mwenye jambo moja la kusema: nyumba inaharibika, na thamani ya kila mrithi inapungua kila mvua inaponyesha. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, ndugu watano walikuwa hawajazungumza tangu matanga. Kilichowafungua midomo ni fundi tuliyekuja naye, aliyewaonyesha boriti ya mvule ikiwa bado nzima chini ya bati lililooza, akaipiga kwa kiganja mbele yao na kuwaambia kwamba mbao za namna hiyo hazipatikani tena kwa bei ya sasa. Mdogo wao wa mwisho aliomba kupanda ngazi aiguse mwenyewe, na wengine wakamfuata.

Baada ya kukubaliana, familia iende kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani kuomba barua za usimamizi. Kamati isaidie barua ya LC1, cheti cha kifo na orodha kamili ya warithi wakiwemo wa nje ya ndoa, kwa maana mrithi aliyeachwa leo ndiye atakayeweka zuio kesho. Mpaka barua zitoke, warithi wote wanaweza kusaini makubaliano ya muda ya kumweka mlinzi na kuziba paa. Nyumba za mailo zinafuata busara hiyohiyo: mwenye hati na mwenye kibanja waulizwe kama mmoja yuko tayari kumuuzia mwenzake, au kugawana kiwanja, ili kila mmoja awe na hati yake.

Hatua ya saba: Ondoeni hatari bila kuwaondoa watu

Nyumba nyingine haziwezi kusubiri kikao. Kisima kilicho wazi, ukuta ulioinama juu ya njia ya watoto wa shule, na maji yaliyotuama yanayozaa mbu ni mambo ya wiki hii. Sheria ya Afya ya Umma, iliyopo tangu 1935, inampa afisa wa afya uwezo wa kutoa ilani ya kuondoa kero na kumpeleka mkaidi kwa hakimu, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inaipa kamati ya majengo ya mji mamlaka juu ya majengo ya hatari. Ilani itaje kosa moja na siku za kulirekebisha. Ilani yenye makosa kumi haitekelezeki, nami nimeziona zikikaa ukutani mpaka zinafifia.

Kuziba madirisha kwa matofali, kufukia kisima, kufyeka na kuweka kufuli kunagharimu kidogo kuliko kubomoa na kunaacha mlango wa kurekebisha ukiwa wazi. Jengo la zamani lenye thamani ya kihistoria, na Jinja, Entebbe na Kampala wanayo mengi, liangaliwe kwanza na watu wa urithi wa utamaduni. Wakaaji waliomo wapewe siku na mahali pa kwenda kabla mlango haujazibwa. Na jiji likitaka kuichukua ardhi kwa manufaa ya umma, Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililithibitisha mwaka 2015.

Hatua ya nane: Amueni nyumba itatumikaje

Wanaosoma habari za Marekani huuliza kwa nini tusiwe na benki ya ardhi kama ile ya Genesee, kaunti yenye mji wa Flint huko Michigan. Jibu ni kwamba chombo kile kinapokea nyumba ambazo kaunti imezichukua kwa kodi isiyolipwa, chini ya sheria za jimbo zilizotungwa mwaka 1999 na 2003 mahususi kwa jambo hilo. Majiji yetu hayana njia fupi ya namna hiyo. Kilicho karibu zaidi na uwezo wetu ni utaratibu wa Baltimore, ambako mahakama humteua mpokezi wa kuitengeneza nyumba tupu au kuiuza kwa mtu mwenye uwezo wa kuitengeneza, endapo mwenyewe amekataa kutii ilani.

Hapa kwetu njia ya hiari inafanya kazi. Mwenye nyumba asiye na fedha anaingia mkataba wa maandishi na kikundi cha akiba au mwekezaji mdogo, ambaye anatengeneza nyumba na kuipangisha kwa miaka iliyokubaliwa mpaka gharama zake zirudi, kisha anakabidhi funguo. Mkataba utaje orodha ya kazi, bei ya kila kazi, kodi ya kila chumba na siku ya mwisho, na usainiwe mbele ya wakili, si mbele ya mwenyekiti wa kijiji peke yake. Wakaaji waliokuwemo wapewe nafasi ya kwanza ya kupanga. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba iliyokarabatiwa ikawatupa nje waliokuwa wakiilinda huzalisha gofu lingine mtaa wa pili, ambako watu haohao watahamia.

Hatua ya tisa: Rudini kwenye nyumba ileile

Kila miezi mitatu katibu apite tena na orodha ya chaki, asome mita ya maji, na kuandika kilichobadilika. Nakala ya mafaili yote iwekwe katika ofisi ya karani wa jiji na nyingine kwa kikundi cha wakazi, kwa sababu uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano na madiwani wapya huanza bila kumbukumbu. Faili lisifungwe siku mkataba unaposainiwa wala siku bati jipya linapowekwa. Lifungwe baada ya mita kusoma matumizi kwa miezi sita mfululizo, kodi ya majengo kulipwa mara moja, na mtu anayelala humo kufungua mlango mwenyewe katibu anapobisha hodi saa mbili usiku.